Dizeli ya Jumatatu

Nikisema niliwahi kuishi nchi za watu miaka sita, wanaonisikiliza huanza kufikiria Uingereza. Nawaambia nilikuwa Karatu, nao wanacheka. Wacheke tu. Kutoka kwetu Voi hadi Karatu si mbali kwa mtu mwenye nauli na njia, lakini njia mimi sikuwa nayo. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa, na ulipofungwa nilikuwa upande usio wa mama yangu.

Mume wangu alikuwa Mwiraqw wa Karatu, fundi wa injini katika reli pale Voi. Baba yangu naye alikuwa mtu wa reli, ndivyo tulivyojuana. Jumuiya ilipovunjika, mafundi wa Kitanzania wakaambiwa warudi kwao, nami nikamfuata nikiwa na ndoa ya miezi minane, sanduku moja na redio. Redio hiyo alinipa mama. Ilikuwa kubwa, ya mbao, ya kuwekwa mezani, ina kitambaa cha rangi ya chai mbele, na haikuwa na mahali pa kutia betri. "Uwe unatusikia," aliniambia, kana kwamba yeye ndiye atakayekuwa anasoma habari. Nilimcheka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilicheka ovyo.

Mume wangu alipata kazi katika shamba la kahawa upande wa Oldeani, juu kabisa, karibu na msitu wa Ngorongoro. Tukapewa nyumba katika mstari wa nyumba za wafanyakazi: vyumba viwili, balbu mbili. Umeme ulitoka kwenye jenereta ya shamba, na hiyo jenereta ndiyo iliyokuwa kazi yake. Asubuhi iliendesha mashine ya kusaga mahindi, jioni iliwasha taa za mstari mzima. Miaka ya mwanzo sikuwa na la kulalamika, ukiacha baridi. Saa moja jioni nilikuwa naipata Nairobi vizuri kabisa, taarifa ya habari kwanza, kisha matangazo ya vifo.

Najua watu wengi huyaona matangazo ya vifo kuwa adha, kitu cha kuvumilia kabla muziki haujaanza. Kwangu ndiyo yaliyokuwa barua. Barua zenyewe zilichukua miezi, na nyingine hazikufika kabisa. Ya mwisho niliyopata iliandikwa na kaka yangu. Alisema mama amevimba miguu, moyo unamsumbua, na sasa hatoki kitandani. Nilipoisoma ilikuwa imeshatimiza miezi minne. Tangu siku hiyo nilikaa mbele ya redio kila jioni nikisikiliza majina ya marehemu wa watu wengine, wa Kisumu, wa Machakos, wa Malindi, mpaka msomaji amalize. Akimaliza bila kumtaja mama, nilivuta pumzi nikaenda kupakua chakula. Nilikuwa nafurahi, na sijawahi kuona aibu kwa furaha hiyo, ingawa labda ingefaa.

Halafu dizeli ikaadimika. Ilikuwa baada ya vita, vitu vyote vimekuwa vya kutafuta: sabuni, sukari, mafuta ya taa, hata viberiti. Meneja wa shamba akamwagiza mume wangu apange zamu za umeme, naye akaziandika kwa mkaa kwenye ubao akaupigilia kwenye mlango wa mashine. Taa: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili. Kusaga: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi asubuhi. Jumapili mashine inapumzika. Aliandika kwa herufi nzuri za karakana, na mimi niliuchukia ule ubao kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

"Niongezee nusu saa tu," nilimwomba. "Siku zile za giza, saa moja hadi saa moja na nusu. Nani atajua?"

"Pipa litajua," alisema.

"Mama yako angekuwa upande wa pili ungesema hivyo?"

Alikuwa mtu mnyoofu hadi akawa anachosha. Alinieleza kwamba nusu saa yangu mara siku nne ni unga wa nyumba kadhaa, na kwamba wanawake wa mstari ule wakikosa kusaga hapa watabeba mahindi kichwani mpaka mjini Karatu. Nilijua anasema kweli. Nilimnunia siku tatu hata hivyo.

Wenyeji waliuzoea ubao haraka kuliko mimi. Siku za taa walifanya yote: watoto walisoma, mshonaji wa nyumba ya tano alishona, wenye nywele walisukana. Siku za giza walipika mapema wakalala mapema. Jirani zangu wengine walikuwa watu wa Singida na Dodoma waliokuja kuchuma kahawa, na nyapara wao alikuwa na redio ndogo ya betri. Betri zikichoka alizianika juu ya bati zipate jua, na jioni zilimpa tena dakika chache. Redio hiyo aliifungulia nje, kwenye mabenchi ya wanaume na pombe yao, Dar es Salaam kwanza, kisha Nairobi kwa ajili ya muziki. Ningeweza kwenda kusimama pale pembeni nikasikiliza. Sikwenda. Mimi mtoto wa stesheni ya Voi, nisimame kando ya walevi kuomba kusikia redio, nami nina yangu mezani? Kiburi hicho nilikileta mwenyewe kutoka kwetu, sikukikuta Karatu.

Jirani niliyemzoea alikuwa mmoja, mama mtu mzima wa Kiiraqw wa nyumba tuliyopakana ukuta, ambaye wote tulimwita Aayo, yaani mama kwa lugha yao. Ndiye aliyekuwa mkubwa wetu wanawake wa mstari ule, na alilosema lilifuatwa. Kwa kuwa viberiti havikupatikana, mwenye jiko la mkaa aliombwa moto na majirani, na jiko langu halikuzimika. Kila jioni Aayo alikuja na kigae chake, akakohoa nje, akaingia, akakaa kwanza. Moto hauombwi kwa kusimama, alisema. Alinusa ugoro, akanisikiliza nikilalamikia zamu za umeme, kisha akachukua kaa lake moja na kuondoka. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokotaokota na changu kilikuwa cha kujisikia, lakini tulielewana. Alijua habari za mama yangu zote.

Ijumaa moja, siku ya taa, nikasikia msomaji akisema, "...wa Voi," kisha redio ikajaa mikwaruzo. Niligeuza kitufe cha stesheni huku na huku. Iliporudi, alikuwa ameshafika kwa marehemu wa Nyeri. Nani wa Voi? Mume wangu alisema Voi ina watu wengi. Sikulala.

Kesho yake, Jumamosi, alitumwa Arusha kupanga foleni ya dizeli. Kabla ya kuondoka alitumbukiza fimbo yake ndani ya pipa, akanionyesha alama ya unyevu. "Hii ni taa za Jumatatu na kusaga kwa Jumanne," alisema. "Baada ya hapo ni mpaka nirudi." Akaniachia ufunguo wa banda la jenereta nimpe msaidizi wake Jumatatu jioni. Hakuniambia nisiiguse. Nadhani aliona si lazima kumwambia mkewe jambo kama hilo.

Jumapili jioni nilifungua lile banda. Matangazo mengine yalikuwa yanarudiwa siku ya pili au ya tatu, na lile la Voi lilikuwa limenikaa kifuani tangu Ijumaa. Nilishamwona mume wangu akiiwasha mara mia: fungua dizeli, inua kile kidude cha kichwani, zungusha hendeli mpaka ichangamke, achia. Iliwaka mara ya tatu. Sikuwa nimefikiria kelele. Mstari mzima ukawaka taa siku isiyo yake na watu wakatoka nje wakipiga vigelegele.

"Nani katupa taa?" mtu aliuliza.

"Meneja karuhusu," nikasema. Uongo ulitoka wenyewe.

Nikakimbilia redio. Matangazo yakasomwa yote. Hakuna Voi. Nilipaswa kwenda kuzima pale pale, lakini nje watoto walikuwa wanacheza, mshonaji ameshatoa cherehani, na Aayo amekuja kunishikia mikono yote miwili kumshukuru meneja kupitia kwangu. Ningezimaje bila kujulikana? Nikaiacha iungurume mpaka saa nne, mara mbili ya siku halali.

Jumatatu jioni msaidizi akachukua ufunguo, akawasha. Balbu ikawa nyekundu, ikawa njano, redio ikaanza kupata moto. Sijasikia hata neno moja, jenereta ikakohoa na kunyamaza. Nilisimama gizani nikasikia fimbo ikigonga sakafu ya pipa. Msaidizi alilaani wezi wa dizeli kwa sauti. Nikajifunga ndani.

Jumanne asubuhi nilikuwa nyuma ya pazia wanawake walipofika na debe zao za mahindi. Msaidizi aliwaambia hakuna dizeli, imeisha jana. Nilingoja matusi. Lazima walijua ni nani aliyewasha Jumapili, na kwamba meneja hakuruhusu lolote. Macho yangu yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi na kwa kulia, maana nililia, kwa aibu zaidi kuliko kitu kingine. Mmoja aliniona nikichungulia, akawagusa wenzake. Wote wakageuka kuitazama nyumba yangu. Hawakusema kitu. Wakajitwisha debe zao wakashika njia ya Karatu.

Jioni Aayo hakuja kuomba moto.

Nilikaa karibu na jiko nikimngoja mpaka makaa yakafanya majivu. Jumatano hakuja. Nilimsikia upande wa pili wa ukuta akimtuma mjukuu wake nyumba ya mbali kabisa kutafuta moto, apite mlango wangu, aende kwa mwingine. Hapo nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Mimi nimeiba dizeli ya watu na watu wamenitenga. Nilipokwenda bombani walinipisha wakashusha macho. Niliposalimia waliitikia kwa sauti ya chini, kama watu walio kanisani. Kwetu Voi watu wakikuchukia wanakuambia, tena wanakuambia mbele ya wateja sokoni. Huku kununiana kimya kimya sikukuweza.

Alhamisi nikakuta kibuyu cha maziwa mlangoni. Hakuna aliyebisha. Nikadhani kimesahauliwa, nikakitundika kwenye uzio wa Aayo. Ijumaa kimerudi pale pale, na fungu la vitunguu vya Mang'ola kando yake. Nikaona sasa wananidhihaki. Yaani, kwa kuwa wewe ni mla peke yako, haya, kula peke yako. Nikakiacha juani mpaka maziwa yakaganda.

Jumamosi mchana walikuwa wanarudi kutoka Karatu na unga, wamechoka, wakiongea na kucheka kwa mbali. Walipokaribia nyumba yangu wakanyamaza wote kwa pamoja. Ule unyamavu ndio ulionimaliza. Nikafungua dirisha kwa kishindo.

"Kama mna la kusema, semeni!" nilipiga kelele. "Nyie washamba, mnaogopa nini? Ndiyo, mimi niliwasha! Nimekula dizeli yenu! Njooni basi mniambie usoni, wanafiki wakubwa!"

Niliongeza na mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa. Hakuna aliyejibu. Mshonaji alinitazama machozi yakimlenga, na nikafikiri ni hasira. Wakapita mmoja mmoja, na mtoto aliyetaka kugeuka kunitazama akavutwa mkono.

Zikapita siku nyingine tatu. Mume wangu alikuwa bado Arusha kwenye foleni. Nilishaamua kwamba akirudi nitamwambia tuhame, tuvuke mpaka usiku ikibidi, niachane na watu hawa.

Jumanne jioni nikasikia kikohozi nje. Aayo aliingia na kigae chake. Akakaa. Hakunusa ugoro. Akanishika goti.

"Mwanangu," akasema, "siku zimekwisha leo. Nane. Sasa naweza kuja kuomba moto. Pole. Pole sana kwa mama."

Nikamwambia sijui anasema nini.

"Mama yako," akasema tena, taratibu, akidhani tatizo ni Kiswahili chake. "Wa Voi. Redio ya nyapara ilisema Jumatatu ile, taa ilipokufa. Ilisema binti yake ameolewa na fundi wa reli, Karatu, Tanzania. Wanaume wote walisikia. Nyapara akamwambia mkewe, mkewe akaniambia mimi. Asubuhi tukaona umefunga mlango, macho yako mekundu. Tukajua umepata habari."

Nilimuuliza kwa nini hakuna aliyekuja. Kwetu mtu akifiwa nyumba hujaa mpaka wengine wanakaa uani. Kwa nini hakuna hata mmoja aliyesema pole?

Alishangaa. Akanieleza kama unavyomweleza mtoto. Kwa wazee wao, mwenye msiba hasogelewi. Moto wake hauombwi, mlango wake haubishwi, hasemeshwi mpaka siku zipite. Chakula chake huwekwa nje. Siku hizi watu wa kanisa hawafuati sana, alisema, na wale wa Singida kwao ni tofauti, walitaka kuja siku ya kwanza kabisa. Yeye ndiye aliyewakataza. "Mtoto huyu yuko peke yake, hana mama wala dada hapa," aliwaambia. "Tumfanyie msiba wake vizuri, kama wetu."

"Na dizeli?"

"Dizeli gani?" akauliza.

"Siku ile dirishani. Niliwatukana."

"Mwenye msiba hajibiwi," akasema. "Uliyosema yale ni uchungu. Hakuna aliyeyabeba."

Nilitaka kulia lakini kilio hakikuja. Badala yake nikaanza kumdai maneno. Nilitaka tangazo lote, neno kwa neno, kama lilivyosomwa. Maskini Aayo hakulisikia mwenyewe. Alilipata kwa mke wa nyapara, aliyelipata kwa mumewe, aliyekuwa na pombe mkononi. Alifumba macho akajitahidi. Kwamba ni mke wa fulani wa reli. Kwamba aliugua muda mrefu. Kwamba ameacha watoto watano, na wakatajwa. Nikamuuliza kama mimi nilitajwa kwa jina. Akasema hajui jina, anajua Karatu ilitajwa, na kwamba wanaume walipoisikia Karatu redioni walinyamaza wote.

"Na mazishi?" nikauliza. "Walisema lini?"

Nadhani hapo ndipo alipoanza kuelewa kwamba sikusikia chochote, kwamba siku zote nane nilikuwa namchukia bure, na kwamba kulikuwa na jambo jingine baya zaidi ya hilo.

"Jumamosi," akasema. "Saa nane mchana. Walisema wanamngoja binti wa Karatu, kama atapata njia. Sisi tulisema, atapata wapi njia? Mpaka umefungwa. Tukasema ndiyo maana analia ndani."

Njia ilikuwepo. Watu walikuwa wanavuka kwa miguu upande wa Taveta kila siku ya soko, na sabuni na mafuta ya kula mgongoni; mshonaji wa nyumba ya tano alikuwa na shemeji aliyeishi kwa kazi hiyo. Ningesikia Jumatatu, ningekuwa Moshi Jumatano na Voi Ijumaa, kwa miguu, kwa lori, hata kwa kuomba. Mama yangu aliwekwa siku tano bila kuzikwa ili nifike. Saa nane ya Jumamosi nilikuwa dirishani, natukana wanawake waliokuwa wamenyamaza kwa ajili yake.